Kupanga Picha za Familia kwa Utambuzi wa Sura

Utambuzi wa sura hupita hatua tatu: kompyuta huitafuta sura ndani ya picha, huigeuza kuwa namba, kisha hukusanya katika fungu moja sura ambazo namba zake zinakaribiana. Hatua ya kwanza ilipata kasi mwaka 2001, Paul Viola na Michael Jones walipobuni njia ya kugundua sura papo hapo. Ya pili ilikomaa mwaka 2015, watafiti wa Google walipotangaza FaceNet, mfumo unaoifupisha kila sura kuwa orodha ya namba 128. Kompyuta basi haimjui mtu yeyote; inachopima ni umbali kati ya orodha na orodha. Jina hutoka kwa mwenye picha.

Familia ya Mabibo, Dar es Salaam, huwa na picha za aina tatu: za albamu, zilizosafishwa studio ya mtaani; za flashi, walizokabidhiwa na mpiga picha wa harusi au sendofu; na rundo lililoingia kwa WhatsApp. Hili la tatu ndilo lenye tabu. WhatsApp hupunguza ubora na kufuta tarehe iliyobebwa na picha. Tarehe iliyo kwenye jina la faili ni ya kutumwa, si ya kupigwa. Inafaa kuanza na flashi, na nakala za WhatsApp zipewe nafasi pale tu ambapo picha halisi imepotea. Za albamu hupigwa upya kwa simu mchana, kivulini, zikiwa zimetolewa kwenye nailoni ili zisimetemete.

Programu ya digiKam hutolewa bure na hufanya kazi yote ndani ya kompyuta ya nyumbani, kwa hiyo haili bando kwa kupandisha maelfu ya picha mtandaoni, wala sura za ndugu hazitoki nje. Hilo si dogo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za kibayometriki kuwa taarifa nyeti.

Makosa yatakuwepo. Mwezi Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilionyesha kwamba mifumo mingi huwachanganya zaidi watu wa Afrika Magharibi na Mashariki kuliko Wazungu. Ukiongeza taa za rangi za ukumbini na vipodozi vya bibi harusi, shangazi na mpwa wake huweza kuangukia fungu moja. Mtoto naye hugawanyika: wa miaka miwili na yuleyule wa miaka kumi na miwili huonekana watu wawili, hadi mtu ayaunganishe mafungu hayo.

Kutaja majina kunahitaji uangalifu zaidi kuliko mashine yenyewe. "Bibi" wa huyu ni mama wa yule, na "Mama Asha" wanaweza kuwa watatu katika ukoo mmoja. Mjukuu aliyerithi jina la babu huleta utata zaidi. Jina kamili pamoja na mwaka wa kuzaliwa huondoa mkanganyiko; undugu uandikwe kwenye maelezo. Picha za zamani zipelekwe kwanza kwa wazee, kwa kuwa sura za miaka ya 1970 mara nyingi hazina mtu mwingine wa kuzitambua.

Mwisho, programu iagizwe kuandika majina ndani ya faili za picha, si kwenye kumbukumbu zake pekee. Kompyuta ikifa, majina hubaki na picha, mradi ndugu wawe wamegawiwa nakala kwa flashi.