Vifurushi Vijavyo Bila Kuombwa

Mtu asimikapo Linux katika kompyuta yake hudhani kwamba amepokea kitu kimoja, ilhali alichopokea ni mkusanyo wa kazi za maelfu ya watu, mkusanyo ambao mafundi huuita distro. Na kabla haujamfikia, wako waliokaa wakajadiliana ni programu ipi iwemo tangu mwanzo na ipi ibaki ghalani ikingoja kuagizwa. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ilipotoa toleo lake la 12 mnamo Juni 2023 ilikuwa na vifurushi 64,419 katika hazina yake. Wallakini mashine iliyosimikwa pasipo madirisha na mapambo hupata mia chache tu kati ya hivyo. Katika kazi yote ya kuunda mkusanyo sioni amana nzito kuliko kuzichagua hizo mia chache, kwa sababu aliye hodari atatoa na kutia apendavyo, na asiye hodari, ambaye wenziwe ndio wengi, atakaa na alichopewa hadi siku mashine yake itakapokufa.

Watu wa Debian waliliwekea jambo hili kanuni ya maandishi. Kila kifurushi hupewa daraja: liko la lazima, ambalo vifurushi vyake vikiondolewa mfumo huweza kuharibika hata usiweze kujitengeneza, liko la muhimu, liko la kawaida, na liko la hiari, ambamo ndimo vilimo karibu vyote. Daraja la pili ndilo linalonivutia, kwa kuwa halikupimwa kwa ukubwa wala kwa umaarufu. Waliuliza: mzoefu wa Unix, mfumo ambao Linux iliuiga, akiikosa programu hii, je, atashangaa na kuuliza imekwenda wapi? Akishangaa, na iwemo. Kipimo hiki kina adabu ya kuheshimu mazoea ya watu, lakini humwuliza mtu mmoja tu, naye ni yule ambaye angeweza kujisaidia mwenyewe. Toleo la 9 lilipotoka mwaka 2017, mafundi waliozoea kuandika ifconfig ili wajue anwani ya mashine yao walijibiwa kwamba amri hiyo haikuonekana, kwani kifurushi chake kilikuwa kimeondolewa katika vile visimikwavyo tangu mwanzo. Walishangaa, tena kwa sauti. Ila chombo kile kilikuwa kimechakaa, na amri ya ip ilikwisha kushika kazi yake kwa ukamilifu zaidi. Waliokiondoa waliamua sawa.

Kifurushi kikaacho ndani pasipo kuombwa hula nafasi, na hilo huonekana. Gharama yake isiyoonekana ni ulinzi. Kwa miaka mingi Debian ilimsimikia kila mtu Exim, ambayo ni seva ya barua, kwa kufuata desturi kongwe ya Unix kwamba kazi ziendazo zenyewe usiku zipate njia ya kumwandikia msimamizi. Waliifunga isisikilize ila ndani ya mashine yenyewe, nayo ni busara. Hata hivyo, mwaka 2019 iligunduliwa taksiri katika Exim iliyomwezesha mshambulizi kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, na mtu asiyejua kwamba ana seva ya barua hawezi kutazamiwa kuuliza kama seva hiyo imesasishwa.

Mkusanyo mwingine, Ubuntu ya Mark Shuttleworth, iliyotoka kwanza Oktoba 2004, ilijifunga kwa mpaka mwingine: ilikuwa shurti ienee katika CD moja, megabaiti zipatazo 700, na CD hizo zilipelekwa bure kwa posta kwa aliyeziomba. Ndipo katika toleo la Aprili 2010 GIMP, programu ya kuhariri picha, ilipotolewa, kwa hoja kwamba yachukua nafasi kubwa na yamzidi kimo mtu wa kawaida. Wengi walikasirika. Mimi huhuzunishwa zaidi na jambo lililopita kimya, nalo ni kwamba mpaka ule ule uliruhusu tafsiri za lugha chache tu kukaa ndani ya diski, na nyingine zote zilipaswa kupakuliwa baadaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitia OpenOffice, programu ya kazi za ofisini, katika Kiswahili mwaka 2004. Lakini kazi ya namna hiyo, isipokuwamo ndani ya diski, kwa asiye na intaneti ni sawa na haikufanywa.

Jaribio kubwa kuliko yote lilihusu zile programu ndogo ambazo kifaa kama kadi ya waifai hudai kupakiwa kabla hakijafanya kazi, nazo aghalabu watengenezaji huzitoa pasipo kufichua msimbo wake. Mkataba wa Debian wa mwaka 1997 uliahidi mfumo huru mtupu, kwa hiyo diski rasmi hazikuwa nazo. Basi mtu alikuwa akisimika Debian katika mpakato wake, na kazi ikiwa katikati hutokewa na maandishi yamwambiayo kwamba kadi yake yahitaji faili fulani, jina lake laanza na iwlwifi, alilete kwa diski ya pembeni; na faili lenyewe liko katika intaneti, na njia yake ya pekee ya kuifikia intaneti ni kadi ile ile. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura, na tangu toleo la 12 faili hizo zimo. Wako waliolalamika kwamba ahadi imelegezwa, nami nauheshimu uchungu wao. Lakini uhuru ambao mtu hawezi kuufikia kwa kukosa faili moja haujamfaa kitu.

Katika kusimika, Debian huuliza pia kama wakubali mashine yako ipeleke kila wiki, pasipo kutaja jina lako, orodha ya vifurushi uvitumiavyo. Na hesabu hiyo husaidia kuamua vifurushi vipi vitangulie kuingia katika diski ya kwanza. Jawabu lililokwisha kuwekwa ni hapana, na ndivyo ipasavyo, maana siri ya mtu ni mali yake. Lakini asiyehesabiwa huchaguliwa na wengine. Msomaji wangu, kama huna la kuficha katika orodha hiyo, ukifika hapo jibu ndiyo.