Tochi ya kukagulia noti haipimi sumukuvu

Swali la wasikilizaji wetu wa milimani ni hili: ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti, inaweza kuonesha mahindi yenye sumukuvu?

Haiwezi, ingawa wazo lenyewe lina asili yake. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kula mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Wanasayansi walipoitenga sumu hiyo na kuimulika kwa mwanga wa aina hiyo, iling'aa. Sumu humeza nguvu ya mwanga ambao jicho halioni, sehemu ndogo ikapotea kama joto, iliyobaki ikatoka kama mwanga unaoonekana: bluu au kijani. Mpaka leo sumukuvu zinaitwa B na G kwa herufi za rangi hizo kwa Kiingereza. Ukizima taa, mng'ao unakatika papo hapo. Mishale ya saa inayowaka gizani ni jambo jingine. Yenyewe hutunza nguvu na kuitoa polepole.

Shida iko kwenye punje. Mng'ao wa kijani-njano unaouona kwenye mahindi hautoki kwenye sumukuvu, unatoka kwenye kemikali nyingine ya kuvu yuleyule. Kwa hiyo punje inaweza kung'aa bila sumu, na isiyong'aa ikawa nayo. Maabara husaga mahindi na kuichuja sumu kwanza, ndipo hupima.

Si jambo la kubahatisha. Mwaka 2016, kwa majirani zetu wa Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Na kupika ugali hakuiondoi.

Kwetu, hasa upande wa mashariki wa Uluguru wenye mvua nyingi, kazi ni kukausha. Anika kwenye turubai au kichanja, si chini kwenye udongo. Chambua punje zilizooza au kuvunjika, na usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu huingia kwenye maziwa.

Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funika, tikisa dakika tatu, kisha acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Rudisha juani.