Je, Wajua? Makombo Yatozwayo Ushuru kwa Uzito
Ya kwamba katika Korea Kusini, ambako tangu mwaka 2005 ni marufuku kufukia ardhini masalio ya chakula yatokayo mijini, wakaazi wa majumba mengi ya ghorofa mjini Seoul hulipa ushuru wa makombo kwa kadiri ya uzito wake? Ashukaye na ndoo yake hugusisha kadi kwenye pipa, kifuniko kikafunguka chenyewe, mizani ikapima, na hesabu ikaandikwa papo hapo. Mifupa, makombe na maganda ya mayai haviruhusiwi kutiwa humo, kwani kipimo cha kinachoruhusiwa, nacho ni cha busara, ni kile awezacho kula mnyama; yaliyosalia hukamuliwa maji, yakageuzwa mbolea, lishe ya mifugo au gesi.