Dogsong: kijana anayetafuta wimbo wake kwenye barafu

Wazazi huniuliza ni kitabu gani cha kumpa kijana aliyechoshwa na hadithi za mapenzi ya shuleni. Siku hizi jibu langu ni Dogsong, riwaya ya Gary Paulsen iliyotoka 1985, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya heshima ya Newbery huko Marekani. Ni ya Kiingereza, na si nene.

Mhusika mkuu ni Russel, mvulana wa miaka 14 anayeishi na babake katika kijiji cha Alaska. Hana njaa, wala hapigwi. Shida yake ni ngumu kueleza: huamshwa na kikohozi cha babake, mvutaji sigara, nje pikipiki za theluji zinanguruma, naye ahisi maisha yale si yake. Babake, Mkristo aliyeishika dini, hamkemei. Amwelekeza kwa mzee Oogruk.

Mzee huyo macho hayaoni tena. Nyumbani kwake huwaka taa ya mafuta ya sili, na kijijini ni yeye aliyebaki na mbwa wa kuvuta sleji. Amweleza Russel kwamba zamani watu walikuwa na nyimbo zao, hadi wamishonari walipowaambia ni dhambi. Hilo Paulsen hakulitunga hewani. Vijiji vingi vya Alaska vilikatazwa ngoma zao, na watoto shuleni waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama.

Russel auomba wimbo. Hapewi. Apewa mbwa, apewa silaha za kuwindia, kisha mzee amtuma barafuni akajifunze. Hapa ndipo utamu wa kitabu ulipo, kwa sababu mila haziwi mapambo ya ukutani. Zinakuwa kazi: kuwafunga mbwa, kuwalisha kabla hujala wewe, kujua lini uwaachie wao wachague njia. Paulsen aliyajua hayo kwa mwili wake. Alishiriki Iditarod ya 1983, mashindano ya sleji za mbwa kutoka Anchorage hadi Nome, safari ya zaidi ya kilomita 1,500.

Kisha Oogruk aomba apelekwe barafuni na kuachwa huko afe. Kurasa hizo nilizisoma mara mbili, na sidhani zinamfaa mtoto wa darasa la nne.

Russel aendelea kaskazini peke yake, na usiku aota mwindaji wa kale. Wengine wangeifanya ndoto hiyo peremende. Hapa mwindaji achelewa, na taa ya nyumbani kwake yazimika, familia yafa kwa njaa. Kumbe maisha ya kale nayo yaliua.

Kasoro zipo. Nancy, msichana mjamzito ambaye Russel amkuta njiani akikaribia kufa, hakuchorwa vizuri. Yupo ili aokolewe tu. Paulsen mwenyewe, mzaliwa wa Minnesota, hakuwa Mwinuit, na hilo mwambie kijana wako kabla hajaanza. Mwambie pia kuhusu neno Eskimo, lililozoeleka miaka ile. Wengi leo hawalitaki; Inuit ni neno lao wenyewe, maana yake "watu".

Sehemu ya mwisho ni fupi mno. Ni wimbo wenyewe wa Russel. Usimfungulie kijana ukurasa huo, mwache aufikie.