Mjini Trento kwa Miguu

Jina la Trento twalisikia tangu utoto. Mapadri hulitaja, walimu wa dini hulitaja, na vitabu vya seminari vimejaa jina hilo. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaoifikiri Trento kuwa mji wenye njia, nyumba na chemchemi. Basi leo tuupite kwa miguu. Haitatuchosha, kwani kutoka ngomeni hata kanisa kuu si mwendo mrefu.

Mji huu uko kaskazini ya Italia, katika bonde la mto Adige, nayo milima ya Alpi imeuzunguka. Zamani mto ulipita ukutani kabisa mwa mji. Katikati ya karne ya 19 watu waliuchimbia njia nyingine. Kwa hiyo mnara uitwao Torre Verde, uliojengwa ukingoni mwa maji, leo wasimama kando ya barabara ya motokari.

Twaanzia Buonconsiglio, ngome ya maaskofu. Kwa karne nyingi Askofu wa Trento alikuwa pia mtawala wa nchi, mwenye fimbo ya kichungaji na mwenye upanga. Yapata mwaka 1400 Askofu Georg von Liechtenstein aliagiza picha za miezi ya mwaka zichorwe ndani ya mnara mmoja wa hapo. Mwezi wa tatu umepotea, mingine kumi na mmoja ingalipo. Katika Januari mabwana na mabibi warushiana madonge ya theluji. Katika miezi mingine wakulima walima, wakata majani, wavuna, na mabwana wangali wakicheza. Mchoraji hakutoa hukumu, ila mambo aliyaona.

Tushuke sasa hata njia ya Manci. Hapo pana jumba la Salvadori, lililojengwa mahali palipokuwa sinagogi ya Wayahudi. Juu ya milango yake zimo sanamu mbili zilizochongwa katika mawe ya mviringo, nazo zaonyesha mtoto mdogo, jina lake Simoni. Wageni wengi huzipita bila kuinua macho. Sisi tusimame.

Siku za Pasaka ya mwaka 1475 mtoto huyo, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alikutwa amekufa majini, chini ya nyumba ya Myahudi. Mara ikasemwa kwamba Wayahudi wamemwua kwa ajili ya ibada yao. Askofu Johannes Hinderbach akawatia gerezani. Wakateswa mpaka wakakiri jambo wasilolitenda, na wanaume wao wakauawa. Papa Sisto IV alimtuma Askofu mmoja Mdominikani, Battista de' Giudici, achunguze. Huyo aliona kwamba hawana hatia, akasema hivyo, na kwa kusema hivyo alichukiwa. Uongo ukashinda. Simoni akaheshimiwa kama shahidi wa dini, watu wakahiji kwake, na mwaka 1588 Papa Sisto V akairuhusu ibada yake. Mwaka 1965 tu, baada ya hati za kesi kuchunguzwa upya, Askofu Mkuu wa Trento, Alessandro Maria Gottardi, aliikomesha. Ni miaka 490! Mtoto alikufa kweli, na kumlilia ni haki. Lakini waliouawa kwa ajili yake nao walikuwa na watoto.

Kutoka hapo twaingia njia ya Belenzani, yenye nyumba zilizopakwa picha nje, nayo yatufikisha uwanjani penye kanisa kuu la Mtakatifu Vigilio. Humu Mtaguso Mkuu ulifunguliwa tarehe 13 Desemba 1545 na kufungwa tarehe 4 Desemba 1563. Trento ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa katika dola la Kaisari Karolo V, na hata hivyo wenyeji walisema Kiitalia. Hivyo Wajerumani na Papa waliweza kuikubali. Vita na hofu ya maradhi viliukatiza Mtaguso mara kwa mara. Katika kikanisa cha pembeni ungalipo msalaba ambao mbele yake amri zake zilitangazwa.

Amri moja yatuhusu sana. Tarehe 15 Julai 1563 mababa waliagiza kila jimbo liwe na seminari ya kulea vijana tangu umri wa miaka kumi na miwili, na wana wa maskini wapendelewe. Seminari zetu zatoka katika amri hiyo. Stefano Kaoze, padri wa kwanza mzalendo wa Kongo ya nyakati hizi, aliyepadirishwa Baudouinville mwezi wa Julai 1917, alilelewa kwa mpango huo.

Kabla ya kutoka, tushuke chini ya sakafu. Wachimbaji wamefunua huko kanisa la kale, lililojengwa juu ya makaburi ya Sisinio, Martirio na Alessandro. Hawakuwa wenyeji, walitoka Kapadokia, katika nchi iitwayo leo Uturuki, wakapelekwa na Vigilio kuhubiri katika bonde la Non. Mwaka 397 watu wa milimani waliwaua na kuwachoma moto. Vigilio alimwandikia habari zao Mtakatifu Yohane Krisostomo. Sisinio alikuwa shemasi, Martirio msomaji, na Alessandro alikuwa bawabu wa kanisa.