Chunusi si damu chafu

(Muziki unashuka.)

MTANGAZAJI: Huenda unatusikia ukiwa Lobule kule Koboko, Imvepi, Rhino Camp, ama hapa Ombaci karibu na mji wa Arua. Leo tunaongea na vijana, lakini wazazi msiondoke.

Una chunusi usoni. Jirani anasema ni damu chafu. Mwingine ananong'ona kwamba kinga yako imeisha. Wote wawili wamekosea. Chunusi inayovimba ni kinga ya mwili ikiwa kazini, tena kwa nguvu kupita kiasi.

Sikiliza inavyokwenda. Kila kitundu cha unywele kwenye ngozi ya uso kina tezi ndogo ya mafuta. Ukibalehe mafuta yanaongezeka, na ngozi iliyokufa inaziba mlango. Ndani mna bakteria ambao karibu kila mtu anao, hata mwenye uso laini. Ukinawa mara kumi kwa siku huwamalizi. Wakizaliana humo, kinga inawatambua na kupiga filimbi. Mishipa ya damu inapanuka, chembe nyeupe za damu zinakimbilia pale. Ndiyo maana unahisi joto, uvimbe na maumivu. Ule usaha, sehemu kubwa ni chembe nyeupe zilizofia kazini. Ukikamua kwa kucha, kitundu kinapasukia ndani, uchafu unaenea, na kinga inaleta askari wengine. Vita ikiisha, ngozi nyeusi kama yetu inabaki na alama ya miezi mingi.

Sasa twende sokoni. Kuna krimu zinazopangwa pamoja na mafuta ya kung'arisha ngozi. Geuza bomba usome: ukikuta clobetasol ama betamethasone, hiyo ni steroidi. Steroidi inanyamazisha kinga. Siku chache chunusi zinalala, unafurahi, unamwambia na rafiki yako. Lakini ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha kupaka zinarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Hapo mtu ananunua bomba lingine. Muuzaji hatakwambia hilo! Kama umeipaka wiki nyingi, usiikatize peke yako. Mpelekee mhudumu wa afya bomba lenyewe, usione haya.

Nyumbani, nawa uso asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, bila kusugua. Kama kuna pesa kidogo, uliza duka la dawa benzoyl peroxide ya asilimia 2.5 ama 5. Inaua bakteria. Paka kidogo usiku, uvumilie wiki 6 hadi 8. Inatoa rangi ya nguo, kwa hiyo lalia kitambaa cha zamani.

Chunusi kubwa zenye maumivu, zinazoacha makovu, zipeleke kituo cha afya. Huko unaweza kupewa doxycycline, ambayo pia inatuliza uvimbe. Dada, kama una mimba, ama unafikiri unayo, mwambie mhudumu kabla hujaimeza.

(Muziki unapanda.)