Tukichagua Hita, Tuanze na Jua

Katika visiwa vyetu maji moto hayajawa anasa hata siku moja. Mzazi hukandwa kwa maji moto mpaka arubaini yake itimie. Mtoto mchanga huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu. Na mzee mwenye maumivu ya viungo huyahitaji asubuhi ya kipupwe. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na sufuria juu ya mafiga matatu. Leo kuni na makaa ni ghali, miti yetu inapungua, na nyumba nyingi za mjini zimeanza kutia hita za umeme bafuni.

Hatuwalaumu wanaofanya hivyo. Tunalotaka kuliuliza ni jambo moja tu: je, mwananchi anapokwenda dukani kununua hita, huwa anajua anachokichagua?

Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Waya wa kwanza, wa mwaka 1980, ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Hakuna mtu mzima asiyeikumbuka mwaka 2008, tulipokaa gizani karibu mwezi mzima, wala kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulipofika mwaka 2013 tulishusha pumzi. Lakini waya mkubwa si ruhusa ya kufuja.

Hebu tupige hesabu. Hita ya papo hapo, ile inayofungwa juu ya bomba la kuogea, huvuta kiasi cha kilowati 5. Nyumba 1,000 zikiwasha hita kama hizo kwa pamoja, zinahitaji megawati 5, yaani sehemu ya tisa ya uwezo wote wa waya ule wa mwaka 1980. Na watu huoga saa zile zile: alfajiri kabla ya kwenda kazini, na magharibi wanaporudi, wakati taa, majokofu na majiko navyo vinadai haki yao.

Kwa upande wa mfuko wa mwenye nyumba, hita hiyo ikitumika dakika 10 hula chini kidogo ya uniti moja. Tangi la lita 80, likipasha maji kutoka digrii 27 hadi 60, hula uniti 3. Na likiachwa limewashwa mchana kutwa hali hakuna anayeoga, maji hupoa na kupashwa tena bure. Ndoo ya lita 20 ya kuogea, yenye joto la digrii 42, haihitaji hata nusu uniti. Basi swali la kwanza si la aina ya hita, bali ni la haja yenyewe. Maji yetu si ya barafu. Nyumba ambayo maji moto hutakiwa mara moja moja haina sababu ya kufunga tangi kubwa.

Kwa nyumba inayoyahitaji kila siku, jawabu limo juu ya paa. Kila mita moja ya mraba ya paa zetu hupokea kwa siku nguvu ya jua inayokaribia uniti 5. Sahani ya mita 2 za mraba, hata ikipoteza nusu ya nguvu hiyo, inatosha kupasha lita 100. Hita ya jua haina mashine ya kusukuma maji: maji yaliyopata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe kwenye tangi lililo juu ya sahani, na ya baridi hushuka kushika nafasi yake.

Lakini ifungwe kwa akili. Sahani ielekezwe kaskazini, kwa kuwa wakati wa kipupwe, tunapoyataka sana maji moto, jua huwa upande huo. Iinamishwe angalau digrii 10 hadi 15 ili maji yapande vyema na mvua iisafishe. Visima vyetu vimo katika mawe ya chokaa, na maji yake huacha ukoga mweupe ndani ya mabomba. Fundi auondoe mara kwa mara, na aibadilishe fimbo ya magnesi inayokinga tangi na kutu. Kwa siku za mawingu ya masika, umeme uwe msaidizi, uwashwe kwa saa maalumu na kuzimwa.

Nyumba za wageni na hoteli, zinazotumia maji mengi, zinaweza pia kufikiria pampu ya joto, ambayo kwa uniti moja ya umeme huleta joto la uniti mbili hadi tatu kwa kulivuta kutoka hewani. Anayechagua gesi asiifunge kamwe ndani ya bafu lililofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu. Na hita yoyote ya umeme isiyo na waya wa ardhini ni mtego wa mauti.

Tatizo la hita ya jua ni bei yake ya mwanzo. Hapa ndipo tunapowageukia wakuu wetu. Barbados, kisiwa kama chetu, ilisamehe ushuru wa malighafi za hita za jua tangu mwaka 1974, na leo hita hizo ni jambo la kawaida kule. Kenya ilitoa kanuni zake mwaka 2012 kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku. Sisi tunashauri kwamba hoteli mpya zisipewe kibali cha kujenga bila hita za jua. Kwamba ubora wa vifaa ukaguliwe bandarini. Na kwamba mwananchi aweze kulipa kidogo kidogo. Hata hivyo, Serikali na ianze na wodi za wazazi katika hospitali zake, ili mama aliyejifungua asikose maji moto kwa sababu umeme umekatika.

Jua tumepewa bure. Ni aibu kulianika karafuu zetu tu, na maji tukayapashe kwa umeme wa kununua ng'ambo ya bahari.